Je, Wajua? Kupanga Chumba Ujerumani Ukiwa Mwanafunzi

Je, wajua kwamba Ujerumani zaidi ya nusu ya watu wanaishi kwenye nyumba za kupanga? Hakuna nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya iliyofikia kiwango hicho. Profesa hupanga, daktari hupanga, na bibi wa miaka themanini hukaa kwenye nyumba ileile aliyoipanga akiwa msichana. Nchi ya wapangaji imejiwekea sheria ya wapangaji, na sheria hiyo haiulizi pasipoti. Mwanafunzi aliyetua juzi kutoka Dar es Salaam au Kisumu analindwa sawa na Mjerumani aliyezaliwa mtaa huohuo. Shida ni kwamba hakuna anayemweleza, na kwa hofu ya kukosa chumba hukubali masharti ambayo Mjerumani angeyakataa papo hapo.

Barua ya kukubaliwa chuoni haina kitanda ndani yake. Vyuo vikuu vya Ujerumani kwa kawaida havina mabweni yao. Mabweni yako mikononi mwa mashirika ya umma yaitwayo Studierendenwerk, 57 nchi nzima, ambayo ndiyo pia huendesha mabwalo ya chakula. Kwa jumla yana nafasi karibu 196,000. Wanafunzi ni karibu milioni 2.9. Wanaopata ni chini ya mmoja kati ya kumi.

Katika baadhi ya miji unaweza kujiandikisha kwenye foleni ya bweni hata kabla hujashika barua ya chuo. Fanya hivyo usiku huohuo unapotuma maombi ya masomo, usingoje viza. Katika miji mikubwa foleni hupimwa kwa mihula, si kwa wiki.

Je, wajua mwezi mgumu kuliko yote? Ni Oktoba, muhula wa baridi unapoanza. Kozi nyingi hupokea wanafunzi wapya wakati huo tu, hivyo Agosti na Septemba maelfu wanagombea vyumba vilevile. Anayeanza Aprili hupata nafasi ya kupumua.

Kila anayeomba viza ya masomo bila ufadhili anaijua ile akaunti maalumu iliyofungwa: tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Wachache wanajua kiasi hicho kimetoka wapi. Ni posho ya juu kabisa ambayo serikali humpa mwanafunzi wa Kijerumani mwenye uhitaji, na ndani yake zimetengwa euro 380 kwa ajili ya nyumba. Sasa weka hesabu hiyo kando ya Munich, ambako chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana kilifika karibu euro 790 mwaka 2024. Fedha ni ileile uende Munich au Chemnitz, lakini maisha yake si yale yale. Ukiwa na vyuo viwili mkononi, tazama bei ya vyumba kabla ya kutazama jina la mji. Leipzig, Magdeburg na Ilmenau zina vyuo vizuri, na bado mfukoni kitabaki cha kununua koti.

Bavaria yenyewe si Munich tu. Bayreuth, mji mdogo ambao wasomi wa Kiswahili wanaujua vizuri kwa kongamano lake la kila mwaka, uko katika jimbo hilohilo na bei zake ni za chini mno ukilinganisha.

Na tangu Mei 2023 ipo tiketi ya mwezi inayoruhusu kupanda treni za mikoa na mabasi ya mjini nchi nzima. Wanafunzi wa vyuo vingi huipata kwa bei iliyopunguzwa. Kwa hiyo kukaa mji wa jirani, nusu saa kwa treni, ni jambo la kawaida. Tafuta ukiwa na ramani ya reli.

Je, wajua kwamba tangazo la "vyumba 2" maana yake ni chumba na sebule? Wajerumani huhesabu sebule kuwa chumba, huku jiko na bafu haviingii kwenye hesabu. Nyumba ya "chumba 1" ndiyo ile ambayo Nairobi huitwa bedsita. Wapo wanafunzi wawili waliolipia "vyumba 2" wakitarajia kila mmoja chake na sebule juu, wakajikuta mmoja analala sebuleni.

Kila tangazo lina bei mbili. Ya kwanza ni Kaltmiete, kodi tupu ya kuta na paa. Ya pili ni Warmmiete, kodi pamoja na gharama za jengo: maji, taka, usafi wa ngazi na mara nyingi joto la kupashia nyumba. Bajeti yako ipige kwa bei ya pili. Halafu ongeza umeme, kwani mara nyingi haumo hata humo. Unafungua mkataba wako mwenyewe na kampuni ya umeme. Hakuna LUKU wala tokeni za kukwambia mapema kwamba umetumia kupita kiasi. Unalipa makadirio kila mwezi, na mwisho wa mwaka inakuja hesabu kamili.

Hesabu ya gharama za jengo nayo huja mara moja kwa mwaka. Mwenye nyumba ana miezi 12 tangu kipindi cha hesabu kifungwe. Akichelewa kwa uzembe wake, hawezi tena kukudai nyongeza. Lakini kama wewe ndiye uliyelipa zaidi, bado anapaswa kukurudishia.

Je, wajua kwamba dalali wa nyumba halipwi na mpangaji? Tangu tarehe 1 Juni 2015 aliyemwagiza dalali ndiye anayemlipa, na karibu kila mara ni mwenye nyumba. Kutoza ada ya kuonyesha nyumba hakuruhusiwi. Kwa aliyezoea Sinza ya Dar es Salaam, ambako dalali huchukua kodi ya mwezi mzima na hela ya kukuzungusha juu yake, hili huonekana kama ahadi ya mwanasiasa. Ni sheria, na hufuatwa.

Desturi ya kutoa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo haipo. Kodi hulipwa kwa mwezi, na agizo lako la malipo liwe limefika benki kabla ya siku ya tatu ya kazi kuisha. Jumamosi haihesabiwi, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilishaamua hivyo mwaka 2010.

Amana haiwezi kuzidi kodi tupu ya miezi mitatu. Na hapa ndipo penye jambo ambalo kila mzazi anayehangaika kuuza kiwanja ili mtoto aondoke anapaswa kulijua: amana hiyo mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, ya kwanza siku upangaji unapoanza na mbili zinazobaki pamoja na kodi ya miezi inayofuata. Hiyo ni ibara ya 551 ya kanuni ya sheria za kiraia, ambayo kwa kifupi huitwa BGB na imekuwapo tangu mwaka 1900. Mwenye nyumba akisema anataka zote kwa mkupuo, mtajie namba hiyo kwa adabu. Tena fedha hiyo si yake. Anatakiwa kuitenga na mali zake na kuiweka mahali inapozaa riba, na riba ni yako. Mabweni ya wanafunzi na ya vijana pekee ndiyo yamesamehewa riba.

Je, wajua matapeli wanamlenga nani? Wanakulenga wewe uliye bado Mombasa au Bujumbura, mwenye tarehe ya ndege na usiye na mtu wa kwenda kuangalia nyumba. Hadithi yao ni moja, inabadilishwa majina tu. Nyumba ni nzuri, iko katikati ya mji, na bei iko chini ya zote mtaani. Mwenye nyumba ni mtu mwema anayefanya kazi nje ya nchi, mara daktari, mara mhandisi, na hawezi kuja kukuonyesha. Funguo atakutumia kwa posta mara tu utakapotuma amana. Wakati mwingine hukutumia picha ya kitambulisho ili uamini, na kitambulisho hicho aliibiwa mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako. Ukisita, anasema yuko mwingine anayetaka kulipa leo. Fedha ikishapita kwenye huduma ya kutuma pesa taslimu haifuatiliki tena. Hiyo mara nyingi ni akiba ya ukoo mzima, michango ya shangazi na wajomba, na inachukuliwa na mtu ambaye hana nyumba yoyote.

Usitume senti kabla nyumba haijaonekana na mkataba haujasainiwa. Kuonekana si lazima kwa macho yako; mwombe mwanafunzi aliyetangulia aende, au dai simu ya video ambayo mtu anatembea kutoka barabarani, apite mlango wa jengo, aingie chumbani na kufungua bomba. Mwenye nyumba wa kweli haudhiki ukimwomba hivyo. Ile picha ya sebule inayong'aa nayo itafute kwenye intaneti kama ilivyo, na mara nyingi utaikuta kwenye tangazo la hoteli ya nchi nyingine.

Njia salama ya wiki za kwanza ni kukodi kwa muda chumba cha mwanafunzi aliyekwenda mafunzo kazini. Wajerumani huita Zwischenmiete. Kinakuja na kitanda, meza na sufuria, na unapata muda wa kutafuta ukiwa ndani ya mji.

Lakini uliza swali moja kabla ya kusaini: je, nitaruhusiwa kujiandikisha hapa? Ndani ya wiki mbili tangu uhamie, sheria inakutaka uende ofisi ya mji ukaandikishe anwani. Tangu tarehe 1 Novemba 2015 unatakiwa ubebe karatasi iliyosainiwa na aliyekupa makazi, ikithibitisha umehamia. Karatasi hiyo anatakiwa kuitoa kwa sheria, hakufanyii hisani. Bila kujiandikisha, namba ya kodi ya mapato haitakufikia, na kibali cha kuishi kitakwama, kwa sababu ofisi ya wageni hutazama anwani kwanza. Mlolongo mzima wa maisha yako unaning'inia kwenye karatasi hiyo moja. Wapo wanaouza anwani kwa wageni waliokwama, usinunue. Kutoa anwani ya uongo ambayo mtu hahamii kunaweza kuleta faini ya hadi euro 50,000.

Je, wajua kwamba tarishi wa Ujerumani hutafuta jina lako, si namba ya mlango? Majengo ya nyumba nyingi kwa kawaida hayaandiki namba za vyumba kwenye anwani. Jina lisipokuwa kwenye kisanduku cha barua, barua hurudi ilikotoka, na ndani yake ni kadi ya benki, bima ya afya, wito wa ofisi ya wageni. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua begi, bandika jina. Ukikaa kwa mtu, mwandikie mtumaji jina la mwenyeji wako pia.

Makazi ya kawaida ya mwanafunzi ni WG, nyumba moja, watu watatu au wanne, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya wote. Wanaokaa humo ndio huchagua anayeingia. Wanakualika, wanakupa chai, wanakuuliza unapika nini, unaamka saa ngapi, vyombo unaosha lini. Ni usaili, ila hauhusu vyeti. Nimeona vijana wetu wakituma ujumbe uleule kwa matangazo arobaini, ukianza na "Mheshimiwa" na kuorodhesha shahada. Hautajibiwa. Soma tangazo, jibu jambo lililomo, taja kwamba utapika pilau Jumamosi kama kweli unajua kulipika, na weka namba ya simu. Waandikie kwa Kijerumani hata kama ni cha kuunga. Kijana aliyejaribu lugha yao anaanza akiwa mbele.

Hakikisha pia nani ameandikwa kwenye mkataba mkuu. Kama unapanga kwa mpangaji mwenzako, yeye alipaswa kupata ruhusa ya mwenye nyumba. Omba kuiona ikiwa imeandikwa.

SCHUFA ni jina ambalo kila mwenye nyumba atalitaja. Ni kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, na ilianzia Berlin mwaka 1927, kwa ajili ya watu waliokuwa wakinunua vifaa vya umeme kwa mkopo. Mgeni hana kumbukumbu yoyote humo, safi wala chafu. Wengi hudhani mlango umefungwa. Haujafungwa: barua ya ufadhili, taarifa ya akaunti iliyofungwa, au mdhamini anayeishi Ujerumani hufanya kazi ileile. Beba pia barua ya mwenye nyumba wako wa nyumbani au msimamizi wa hosteli ya chuo inayosema hukuwahi kudaiwa kodi. Haigharimu kitu, na mezani inaongea.

Sasa jambo linalouma. Mwaka 2017 waandishi wa habari wa Bayerischer Rundfunk na Der Spiegel walituma maombi karibu 20,000 ya kupanga nyumba katika miji kumi, barua zikifanana na majina tu yakibadilika. Wenye majina ya Kiarabu na Kituruki waliitwa kuona nyumba mara chache kuliko wenye majina ya Kijerumani. Fikiria majina yetu ya pwani, akina Hassan na Salma, yanavyosomwa kwenye orodha hiyo. Anayekosa majibu hudhani Kijerumani chake ni kibovu, au kwamba amekosea kuandika. Mara nyingi hajakosea chochote.

Je, wajua kwamba kubagua kwa rangi au asili katika kupangisha nyumba ni kosa kwa sheria ya mwaka 2006? Ina tundu lake: mwenye nyumba anayeishi kwenye jengo hilohilo anaweza kukwepa. Lakini kampuni za nyumba na wenye majengo mengi hawana kisingizio. Muda wa kudai fidia ni miezi miwili tu, kwa hiyo hifadhi kila ujumbe na tarehe zake. Ipo taasisi ya shirikisho ya kupinga ubaguzi inayotoa ushauri bure, na si lazima uwe raia. Maswali kuhusu dini, ujauzito au chama cha siasa mwenye nyumba hana haki ya kuyauliza. Kuhusu kipato chako anayo.

Waswahili hatukuanza leo kupanga nyumba Ujerumani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alifika Hamburg mwaka 1867. Mumewe alifariki 1870, naye akahama na watoto wake mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili wapate kuishi. Chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, kikaajiri walimu wa Kiswahili kutoka kwetu, akiwamo Amur bin Nasur wa Unguja na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka pwani ya Bagamoyo. Nao walihitaji chumba, mkaa wa jiko na jirani wa kuwasalimu. Hakukuwa na sheria ya 2006.

Kuna chumba kinacholipiwa kwa kazi. Mpango unaitwa Wohnen für Hilfe na upo katika miji mingi ya vyuo, Köln na Freiburg ikiwamo. Unakaa kwa mzee au familia yenye nafasi, na badala ya kodi tupu unasaidia: bustani, sokoni, watoto, au kumweka mtu sawa na kompyuta yake. Kipimo cha kawaida ni saa moja ya kazi kwa mwezi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 15, saa 15. Uuguzi haumo kwenye makubaliano. Maji na joto unachangia. Mtoto aliyelelewa na bibi yake Moshi ataelewa nyumba ya namna hii mapema kuliko wengi, na Kijerumani chake kitakua kwa kasi ambayo darasa haliwezi kumpa.

Mabweni ya makanisa, ya Katoliki na ya Kiprotestanti, mengi hupokea wanafunzi wa dini zote. Jumuiya hizohizo za kanisa vyuoni huwa na mfuko mdogo wa dharura kwa wanafunzi wa kigeni waliokwama. Waislamu pia husaidiwa.

Je, wajua kwamba Munich kuna kijiji cha Olimpiki ambacho wanafunzi wanaishi? Vijumba vya zege walimokaa wanamichezo wanawake mwaka 1972 viligawiwa wanafunzi, vikabomolewa na kujengwa upya kuanzia 2007. Leo ni zaidi ya 1,000, na anayeishi humo anaruhusiwa kupaka rangi na kuchora ukuta wake wa mbele. Mwendo mfupi kutoka hapo ndipo John Akii-Bua wa Uganda alipokimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82 na kuvunja rekodi ya dunia.

Nyumba isiyo na samani inaweza kuwa haina hata jiko. Hakuna sinki wala kabati, na dari imebaki na nyaya bila balbu. Aliyetoka amefungua jiko lake na kuondoka nalo, au atakuuzia. Bei ikipita thamani ya vitu kwa kiasi kikubwa, sheria haiitambui ile ziada. Samani nyingi nzuri hupatikana bure: Wajerumani huweka meza na viti nje ya mlango na kikaratasi cha kualika mpita njia avichukue.

Siku ya kukabidhiwa funguo, zungukeni pamoja na muandike kila kasoro: mkwaruzo, doa, kigae kilichopasuka, namba ya mita. Piga picha. Tieni saini wote wawili. Karatasi hiyo ndiyo amana yako. Na ukikabidhiwa nyumba ambayo haikupakwa rangi upya, kwa kawaida huwezi kulazimishwa kuipaka unapotoka. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua hivyo mwaka 2015.

Usipoteze ufunguo. Jengo zima mara nyingi lina mfumo mmoja wa makufuli, na ufunguo mmoja ukipotea huenda yote yakabadilishwa, gharama ikapanda hadi maelfu ya euro. Bima ya dhima binafsi hugharimu euro chache kwa mwezi, na nyingi hulipia funguo zilizopotea. Soma masharti kabla ya kununua.

Ukishajiandikisha, barua nyingine inakuja: ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi tangu 2021, hata kama huna televisheni. Si utapeli. Hudaiwa kwa nyumba, si kwa mtu, kwa hiyo kwenye WG mmoja hulipa na wengine humchangia. Wanaoipuuza hukuta deni la miaka miwili.

Kimya ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili ni siku nzima. Kisamvu kitwange Jumamosi mchana. Kule Stuttgart na maeneo ya jirani wapangaji hushika zamu ya wiki kufagia ngazi, na kibao cha zamu huning'inizwa mlangoni kwako.

Je, wajua kwamba dirisha linaweza kukuletea kesi? Nyumba za kule zimezibwa vizuri kuzuia baridi, na mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo hauna pa kutokea. Ukuta unaota ukungu mweusi, kisha mpangaji ndiye anayelaumiwa. Dawa ni kufungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku, hata theluji ikianguka, kisha kufunga. Kuliacha nusu wazi kutwa nzima hupoteza joto na kupoza kuta, na ukungu hupenda ukuta wa baridi. Kwa mtu wa Tanga hili ni geni, lakini linaokoa fedha.

Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuingia chumbani kwako apendavyo, wala ya kubaki na ufunguo bila ridhaa yako. Wageni hawezi kukukataza. Dada yako akija kukutembelea wiki mbili, hilo ni lako na dada yako.

Mkataba wa muda maalumu katika nyumba ya kawaida unahitaji sababu iliyoandikwa, kwa mfano mwenye nyumba anataka kuja kuishi mwenyewe. Bila sababu inayokubalika kisheria, mkataba huhesabika kuwa hauna mwisho. Mabweni ya wanafunzi yana kanuni zake na muda wake wa kukaa.

Kutoa notisi kwa barua pepe hakufai. Iwe karatasi, iwe na saini ya kalamu, na imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi kuisha. Mpangaji wa mkataba usio na mwisho hutoa notisi ya miezi mitatu bila kueleza kwa nini. Mwenye nyumba ndiye anayelazimika kutoa sababu. Kama mkataba umekushinda kuusoma, umoja wa wanafunzi wa chuo, AStA, katika vyuo vingi una wakili wa kukusikiliza bure, kwa kuwa umeshamlipia ndani ya ada ya muhula. Vyama vya wapangaji navyo vipo karibu kila mji, kwa ada ya mwaka.

Ukimaliza masomo na kurudi nyumbani, futa anwani yako ofisi ya mji, kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada ya kuhama. Usifunge akaunti ya benki siku hiyohiyo. Mwenye nyumba ana haki ya kushikilia amana kwa miezi kadhaa akikagua chumba, na sehemu yake hadi hesabu ya gharama za jengo itoke. Mwachie kwa maandishi anwani yako mpya na namba ya akaunti itakayokuwa hai hata miezi sita baada ya wewe kuondoka.